Alama za hatari na etiketi za usalama, kazini na nyumbani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Lubumbashi

Lubumbashi asidi, chokaa, mazutu (dizeli) na mifuko ya kobalti hupita barabarani mchana na usiku. Kidogo cha hivyo vyote huishia katika mitaa ya jiji ya Katuba, Kenya au Ruashi, ndani ya chupa iliyowahi kuwa ya maji. Kitu kikitoka kiwandani huwa na etiketi. Kikihamishwa, etiketi hubaki kwenye chombo cha kwanza. Majibu mengi hapa chini yanarudi kwenye jambo hilo.

Ile michoro yenye mpaka mwekundu ni mingapi, na inasema nini?

Ni 9. Kila mmoja ni mraba mweupe uliosimama kwa pembe, wenye mpaka mwekundu na mchoro mweusi ndani. Mfumo huu ulitolewa na Umoja wa Mataifa mwaka 2003. Karatasi za Kifaransa huuita SGH, na zile zinazopanda kutoka Zambia na Afrika Kusini huandika GHS. Ni mfumo mmoja.

Moto peke yake: kitu kinashika moto, kama esansi (petroli ya magari), petroli ya taa (mafuta ya taa), alkoholi, rangi ya mafuta na makopo ya kupuliza. Bomu linalopasuka: kinalipuka. Chupa ya gesi iliyolala: gesi imebanwa, na chupa ikipata joto inaweza kupasuka. Mirija miwili inayodondosha juu ya mkono na juu ya chuma: kinakula ngozi, macho na chuma, kama asidi na soda kostiki. Fuvu na mifupa: sumu ambayo kiasi kidogo chake kinaweza kuua upesi. Mti mkavu na samaki aliyekufa: usikimwage mtaroni. Alama ya mshangao: kinawasha ngozi au macho, kinaleta kizunguzungu, au kinadhuru kikimezwa.

Miwili inahitaji maneno zaidi, maana ndiyo inayosomwa vibaya kila siku. Wa kwanza ni moto uliokaa juu ya duara. Wengi hudhani ni uleule moto wa kawaida. Sivyo. Kitu hiki huenda kisiungue chenyewe, lakini kinaulisha moto wa vingine. Oksijeni ya mchomeleaji na nitrati ya amonia ni mifano. Ndiyo maana vali ya oksijeni haipakwi grisi hata iwe ngumu kiasi gani: grisi ikikutana na oksijeni iliyobanwa huweza kuwaka bila kiberiti. Wa pili ni kifua cha mtu chenye nyota nyeupe. Huo unasema madhara yanaweza kuja baada ya miezi au miaka: kansa, pumu, uzazi kuharibika. Unga wa hidroksidi ya kobalti una alama hiyo. Mfanyakazi anaupumua leo, hasikii maumivu, anaona barakoa inamchosha bure. Alama hii inamhusu yeye kuliko mtu mwingine yeyote.

Kati ya DANGER na ATTENTION, lipi ni kali?

DANGER. Etiketi haibebi zaidi ya neno moja kati ya hayo mawili. Kwa mazungumzo yetu ya kila siku “attention” husikika kama kelele ya kumzuia mtu, na wengine huliona ndilo kubwa. Kwenye etiketi ndilo dogo. Ukilinganisha dawa mbili za kusafishia choo, moja DANGER na nyingine ATTENTION, ya kwanza inataka ganti (glovu) na miwani bila mjadala.

Herufi H na P na namba zake ni za nini?

H inaeleza hatari, P inaeleza la kufanya. H zinazoanza na 2 zinahusu moto na mlipuko, 3 zinahusu mwili, 4 zinahusu maji na viumbe. H225 ni kioevu kinachoshika moto upesi sana. H314 ni kuungua vibaya kwa ngozi na macho. H304 ni kitu kinachoweza kuua kikimezwa na kuingia mapafuni. Kwa P, namba za 300 ndizo za huduma ya kwanza, na zinafaa kusomwa kabla ya kufungua chombo. P331, kwa mfano, inasema usimtapishe mtu.

Nina bidoni (dumu) lenye mraba wa rangi ya machungwa na msalaba mweusi wa X. Bado linafaa?

Huo ni mfumo wa zamani wa Ulaya, ambao huko uliachwa kabisa kwa bidhaa mpya tangu Juni 2015. Hatari iliyoandikwa haikufutika, lakini bidhaa ni ya siku nyingi. Javeli (maji ya klorini ya kusafishia) ya umri huo imepoteza nguvu. Vitu vingine hufanya kinyume, huharibika na kuwa vya hatari zaidi, na plastiki yenyewe huenda imeshapasuka kwenye mshono. Usiliinue kwa mkono wake tu. Shika na chini.

Bamba la rangi ya machungwa nyuma ya lori lina namba mbili. Nizisomeje?

Ya chini ni jina la kitu, katika tarakimu nne za Umoja wa Mataifa (UN). Ya juu ni tabia yake. Tarakimu za juu: 2 gesi, 3 kioevu cha kuwaka, 4 kitu kigumu cha kuwaka, 5 kinachochochea moto, 6 sumu, 7 mionzi, 8 kinachokula ngozi na chuma. Tarakimu ikirudiwa, hatari imezidi. X ikitangulia, maji hayaruhusiwi kukigusa.

Zile za kukumbuka katika barabara ya Kasumbalesa, Likasi na Kolwezi ni hizi: 33 juu na 1203 chini ni esansi. 30 na 1202 ni mazutu. 80 na 1830 ni asidi ya salfa kali. 80 na 1824 ni soda kostiki iliyoyeyushwa. 23 na 1965 ni gesi ya kupikia. 66 na 1689 ni sianidi ya sodiamu, na hiyo 66 isomwe vizuri: sumu iliyozidi.

Malori mengi ya kusini hubeba bamba kubwa zaidi lenye namba ya UN, mraba wa rangi, simu ya dharura na herufi kama 2P au 3YE. Namba ya mbele ni ya wazimamoto: 2 ni ukungu wa maji, 3 ni povu. E ikiwa mwishoni, maana yake fikirieni kuwaondoa watu wa jirani. Mtu wa kawaida akiiona E hana haja ya kujua zaidi.

Lori la asidi au mafuta limepinduka. Nikae umbali gani?

Mita 50 ni mwanzo tu, pande zote, hata kama hakuna moshi. Tangi la mafuta likiwaka, sogea mita 800. Nenda kule upepo unakotoka na kwenye mwinuko, kwa sababu mvuke wa esansi ni mzito kuliko hewa na hutambaa mitaroni ukitafuta mbabula (jiko la makaa) au injini ya moto. Usiwashe pikipiki hapo karibu. Soma namba za bamba kwa mbali, au zipige picha ukiwa mbali, uwape polisi na wazimamoto.

Asidi iliyomwagika hufanana na maji machafu. Usiikanyage kwa sandali, wala usiimwagie ndoo mbili tatu za maji: maji kidogo juu ya asidi nyingi huchemka na kuirusha usoni. Februari 2019, kwenye barabara ya Lubumbashi kwenda Kolwezi, lori la asidi liligongana na basi na karibu watu 20 wakafa.

Na mafuta yasichotwe. Tarehe 2 Julai 2010 huko Sange, Kivu Kusini, lori la mafuta lilipinduka, watu wakakaribia, wengine na vyombo mkononi, na moto ukaua zaidi ya 230. Bidoni moja la esansi halina bei ya kulinganisha na hilo.

Nikihamisha kitu kwenda chombo kidogo, niandike nini?

Andika kabla ya kumimina, si baada. Mikono ikishalowa utasema “nitaandika kesho”.

Mambo sita yatosha: jina kamili la kitu, nguvu yake kwa asilimia kama inajulikana, mchoro wa hatari, neno DANGER au ATTENTION, sentensi moja ya hatari kwa lugha inayosomwa na wote mahali pale, na tarehe. “Asidi” haitoshi, maana asidi ya batri na asidi ya kusafisha vigae si kitu kimoja. “Produit” ni mbaya zaidi, haisemi lolote. Kwa timu yenye wasiosoma Kifaransa, andika: INAUNGUZA NGOZI NA MACHO. USIGUSE BILA GANTI.

Ukubwa? Kanuni ya Ulaya ni kipimo kizuri cha kufuata: chombo hadi lita 3, etiketi ya milimita 52 kwa 74. Lita 3 hadi 50, 74 kwa 105. Lita 50 hadi 500, 105 kwa 148. Mchoro usipungue sentimita 1 kila upande, na ukiweza fanya 1.6 kwa chupa ndogo na 3.2 kwa fusti.

Kuhusu chombo chenyewe, sheria moja haina msamaha: kisiwe chupa ya maji, ya soda, ya bia wala ya mafuta ya kula. Mtu mwenye kiu hasomi. Mtoto hasomi. Usiku hakuna anayesoma. Hata fuvu kubwa lililochorwa kwenye chupa ya maji hushindwa na umbo la chupa, kwa sababu mkono unalijua umbo hilo tangu utoto. Tafuta bidoni la plastiki ngumu lenye namba 2 ndani ya pembetatu chini yake. Linafaa asidi ya batri, kostiki na javeli. Javeli isiwekwe kwenye chuma, na kifuniko chake kiwe kile kinachoruhusu gesi kutoka, la sivyo bidoni huvimba. Kostiki isikutane na aluminiamu: huila na kutoa hidrojeni inayolipuka. Esansi iwekwe kwenye bidoni lililotengenezwa kwa ajili ya mafuta, lisijazwe mpaka mdomoni.

Maandishi yanafutika baada ya wiki chache. Kwa nini?

Sababu ni tatu, na kila moja ina dawa yake. Wino wa kalamu ya kudumu huyeyushwa na esansi, alkoholi na tina, kwa hiyo tone moja shingoni linatosha kuufuta. Funika maandishi kwa skochi pana ya kuonyesha, ipite sentimita moja nje ya karatasi kila upande. Asidi hula karatasi, basi tumia kibati cha plastiki kilichofungwa shingoni kwa kamba ya nailoni, si waya wa chuma. Jua la kiangazi nalo hufifisha rangi, na nyekundu ni katika zinazotoweka mapema. Mchoro ukibaki mweusi bila mpaka wake, badilisha etiketi siku hiyo. Ibandike ubavuni penye kivuli, na kamwe si kwenye kifuniko, kwa sababu vifuniko hubadilishana.

Bidoni za buluu zilizotoka migodini zinauzwa bei nafuu. Nikiziosha vizuri naweza kuweka maji ya kunywa?

Hapana. Sabuni, javeli na maji ya moto vinaosha uso wa plastiki. Vimiminika vingi vya kutenganishia madini huingia ndani ya plastiki yenyewe, kisha hutoka polepole kwenye maji yanayolala humo. Pua haiwezi kukuhakikishia. Na aliyekuuzia mara nyingi hajui kilichokuwemo, hata kama anakuapia.

Kwenye plastiki tafuta duara dogo lenye u juu ya n, likifuatwa na maandishi kama 1H1 au 3H1. Hiyo ni alama kwamba chombo kilitengenezwa kubebea vitu vya hatari. Herufi X inayofuata ni ya vitu vikali kabisa, Y vya kati, Z vyepesi. Alama hiyo si ushahidi wa kilichokuwemo, lakini inatosha kukataa. Gilasi na uma ni alama ya plastiki inayofaa chakula, nayo ina maana pale tu unapojua kwa hakika kilichobebwa ndani. Kiwanda kinachotaka kutenda haki kitoboe vyombo vyake matundu kabla ya kuviacha vitoke langoni. Bidoni lililotobolewa halirudi sokoni kama tangi la maji.

Javeli isichanganywe na nini?

Asidi ya aina yoyote: siki, maji ya ndimu, esprit de sel (asidi ya hidrokloriki) ya chooni. Inatoa gesi ya klorini, ya kijani-njano, inayobana kifua. Etiketi ya Kifaransa husema “au contact d’un acide, dégage un gaz toxique”. Isichanganywe pia na amonia, wala na mkojo mwingi kwenye choo kilichofungwa. Tukio la kawaida ni hili: mtu amemimina esprit de sel, anaona doa halitoki, anaongeza javeli juu yake. Ikitokea, toka kwanza, acha mlango wazi, usirudi kuokoa ndoo.

Natengeneza sabuni kwa soda kostiki. Etiketi inasema DANGER. Niipime vipi?

Kwa kilo 1 ya mafuta ya mawese, kostiki safi inayohitajika ni karibu gramu 141. Weka 134 ili sabuni isibaki na kostiki ya kuunguza mikono. Maji ni kama mililita 330. Pima kwa mizani, si kwa kopo, maana chembe kubwa na unga havijazi kopo sawasawa.

Kostiki ndiyo inayoingia kwenye maji, kidogo kidogo, ukikoroga kwa mti au plastiki. Ukifanya kinyume, maji juu ya kostiki, mchanganyiko huchemka ghafla na kuruka. Joto lake linaweza kupita nyuzi 80, kwa hiyo tumia ndoo nzito ya plastiki au sufuria ya chuma kisicho na kutu, na sufuria ya aluminiamu ya bukari ibaki jikoni. Fanya nje, watoto wakiwa mbali, miwani machoni. Miwani kuliko ganti, kama pesa ni ya kimoja tu: mkono hupona, jicho lililoingiwa na kostiki mara nyingi haliponi.

Mfuko uliofunguliwa hunyonya unyevu wa msimu wa mvua na kuganda. Hamishia kwenye bidoni kavu lenye mdomo mpana, na etiketi ya mfuko ikatwe ibandikwe juu yake.

Asidi ya batri imenirukia. Nifanye nini?

Maji mengi yanayotiririka, dakika 20 kwa saa, si kwa kukisia. Vua nguo wakati maji yanaendelea. Jicho lishikwe wazi, maji yatoke upande wa pua kwenda nje, kisha hospitali pamoja na etiketi au picha yake. Usipake kostiki, majivu wala dawa ya meno “kuua asidi”. Kinachoongezeka hapo ni joto.

Chokaa isiyozimwa ina utaratibu wake. Pangusa unga wote ukiwa mkavu kwanza, halafu ndipo maji mengi, kwa sababu maji kidogo huiwasha. Ikiingia jichoni, usisubiri kupangusa, osha mara moja.

Mtoto amekunywa petroli ya taa. Nimpe maziwa au mafuta ya mawese atapike?

Usimpe chochote, usimtapishe. Petroli inayorudi juu hupita karibu na koo la hewa, na kiasi kidogo mapafuni kinaleta nimonia kali. Hiyo ndiyo H304. Mkalishe wima, mpeleke hospitali hata kama anacheza, maana kikohozi na homa vinaweza kuchelewa saa kadhaa. Beba chupa.

Mstari wa rangi chini ya etiketi ya dawa ya wadudu ni urembo?

Ni daraja la sumu: nyekundu ni kali kabisa, kisha njano, buluu, kijani. Dawa zinazopimwa sokoni kwenye vikaratasi bila mstari, bila jina, usizinunue. Daktari hana pa kuanzia mtu akizimeza.

Pale kazini kuna vibao vya rangi nyingi. Tofauti?

Duara jekundu lenye mstari: marufuku. Pembetatu ya njano: jihadhari. Duara la buluu: lazima ufanye. Kijani: njia ya kutokea na msaada. Mraba mwekundu: vifaa vya moto. Sheria ya Kazi ya Kongo, namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, inataka pawe na kamati ya usalama na usafi kazini. Kibao kilichofifia kipelekwe huko kwa maandishi. Na kila kemikali iwe na FDS yake, karatasi ya maelezo ya usalama yenye sehemu 16: sehemu ya 4 ni huduma ya kwanza, ya 8 ni ganti na miwani ya aina gani. Ikifungiwa kwenye ofisi ya shefu usiku, ni kama haipo.

Mabawa matatu meusi juu ya njano?

Mionzi. Katanga ni nchi ya Shinkolobwe, mgodi wa zamani wa urani, na baadhi ya mawe ya shaba na kobalti hubeba urani. Usifungue, usikalie, usilale juu ya mzigo huo. Ondoka na utoe taarifa.

Etiketi ni ya Kichina tupu. Nifanyeje?

Michoro ni ileile. 危险 ni DANGER, 警告 ni ATTENTION. Tafuta namba ya UN ya tarakimu nne, na namba ya CAS (namba ya kutambulisha kemikali) yenye vistari viwili, mfano 7664-93-9, ambayo ni asidi ya salfa popote duniani. Kwa namba hizo muuzaji hana sababu ya kukunyima FDS ya Kifaransa.

Na chombo kisicho na etiketi kabisa?

Usikinuse, usikionje, usikitikise, usimimine kwenye kingine kuona rangi. Andika juu yake HAIJULIKANI, HATARI, na tarehe. Kiache kimesimama ndani ya beseni la plastiki, mahali penye hewa, mbali na moto na javeli. Uliza aliyehama nyumba au aliyekuwa zamu kabla yako. Kikiwa kimevimba, kina chembe zilizoganda kwenye kifuniko, au kimeanza kuvuja, kisiguswe tena; funga mlango na umwite mtu wa usalama wa kiwanda au wazimamoto.